Blogu yako imenyamaza tangu Machi? Shida si uvivu

Kuna makala ambayo karibu kila blogu ya kijana ninayemjua kati ya Ruiru na Thika inayo. Huanza hivi: “Samahani wasee, nilipotea kidogo, lakini sasa nimerudi kwa kishindo.” Ukitafuta hicho kishindo, hakuna. Hiyo ndiyo makala ya mwisho, na tarehe yake ni ya mwaka juzi.

Watu husema ni uvivu. Mimi sikubali. Hao hao huamka saa kumi na moja alfajiri kwenda mjengo Membley, na jioni utawapata darasani. Mvivu haishi hivyo. Shida ninayoiona mimi ni ya hesabu. Mtu anajiwekea ratiba ya makala ndefu kila siku, kazi ambayo hata mwandishi anayelipwa mshahara haiwezi. Wiki ya pili anachoka, wiki ya tatu anaona aibu kurudi, na hiyo aibu ndiyo huua blogu.

Angalia waliodumu. Issa Michuzi wa Tanzania alianza blogu yake mwaka 2005, wakati wanablogu wa Kiswahili walikuwa wachache sana, akina Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe. Michuzi alikuwa mpiga picha wa magazeti. Hakuanza kujifanya mwandishi wa insha. Aliweka picha, chini yake maneno machache, basi, kisha akaenda kupiga nyingine. Kwa mtindo huo mtu anaweza kuweka vitu kila siku bila kuvunjika mgongo, na Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanafungua blogu yake kuona nyumbani kunaendaje.

Sasa mlinganishe na Jackson Biko wetu, yule wa Bikozulu. Yeye huandika hadithi ndefu za watu, na hadithi kama hizo huwezi kuzitoa kila siku. Siku yake ikawa Jumanne. Wasomaji walijua Jumanne kuna kitu, wakawa wanakingojea kama watu wanavyongoja mechi. Hawa wawili hawafanani hata kidogo, lakini kila mmoja alichagua mwendo unaolingana na aina ya kazi yake. Wengi wetu hufanya kinyume: tunachukua urefu wa Biko na kasi ya Michuzi, halafu tunashangaa.

Halafu kuna hii hadithi ya siku 21. Wahamasishaji wanaipenda kweli, eti fanya jambo siku 21 na litakuwa tabia. Chimbuko lake ni kitabu cha 1960 cha Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye aliona wagonjwa wake wakichukua angalau siku kama 21 kuzoea uso mpya. Uso mpya! Haihusiani na kuandika. Watafiti wa chuo cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuata watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akirudia jambo dogo alilochagua, kila siku, katika mazingira yale yale. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kuwa la kujiendea lenyewe, lakini tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Mimi hapo napata mambo mawili. Kwanza, ukikosa wiki moja huhitaji kuandika ile makala ya samahani. Andika inayofuata tu. Pili, ukichapisha mara moja kwa wiki, siku 66 ni makala tisa hivi, na tisa hazitoshi kukujengea tabia yoyote. Kwa hivyo kitu cha kufanya kila siku ni kuketi. Kuchapisha kuna siku yake.

Mimi naishi Ruiru, upande wa Kihunguro, na siku nne kwa wiki niko Thika mjini kwenye duka la fotokopi. Nikimaliza chai ya asubuhi naandika dakika ishirini kwenye simu, bila kuwasha data, kwa sababu nikiiwasha nitajipata TikTok. Stima ikipotea, na hupotea, simu bado ina chaji ya jana. Kwenye matatu ya kwenda Thika nanakili ninayosikia, lakini sikai dirishani. Simu ikinyakuliwa, rasimu nazo zimeenda. Kila jioni najitumia nilichoandika kwa barua pepe. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi makala inatoka, niwe macho au nimelala, maana Blogger na WordPress zote zinakuruhusu kupanga saa mapema. Na siku zote nina mbili za akiba. Hizo ndizo huniokoa wiki ya homa au ya kuhama nyumba.

Kwa nini najisumbua hivi? Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda watu wa nyumbani. Sina cheti. Wenzangu wakituma maombi ya kazi wanaambatanisha diploma, mimi sina cha kuambatanisha. Mwaka jana mama mmoja mwenye hadwea hapa Thika alikuwa akitafuta mtu wa kumwandikia matangazo ya mtandaoni. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, “Mama, chuo sikumaliza, lakini tazama hii,” nikampa simu. Nilidhani atasoma. Hakusoma hata makala moja nzima. Alishuka tu na kidole, Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi, zaidi ya sitini, kisha akasema, “Wewe hupotei.” Kazi nikapata. Sasa nina maduka mawili ya namna hiyo, na ndiyo hulipa kodi. Blogu yenyewe bado hainiletei pesa ya maana, tusidanganyane.

Kuanza ni bure hapa kwetu. Tanzania mwaka 2018 kanuni zilianza kuwataka wanablogu walipie leseni, na si kila aliyenyamaza kule alichoka. Kenya mswada wa 2019 uliotaka leseni kama hiyo haukuwa sheria.

Wanaoniambia hawana cha kuandika ndio huniacha hoi. Tafuta neno Thika kwenye mtandao. Utapata kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, maporomoko ya Chania pale Blue Post, mananasi, na ploti zinazouzwa. Maisha yetu hayamo. Makala yangu iliyosomwa zaidi ni ya kulinganisha kuishi peke yako Ruiru na Thika: kodi, maji, nauli. Niliiandika kwa siku nne, dakika ishirini ishirini, na hadi leo watu huniandikia kuniuliza ya Juja iko wapi. Nani ameandika kwa nini nauli hupanda tone la kwanza la mvua likianguka? Nani amekaa siku nzima na mshona viatu wa Makongeni? Wanafunzi wanaokodisha Landless hula nini mwisho wa mwezi? Na wale waliokuwa wakiuza kando ya barabara kabla ya Thika Superhighway kukamilika mwaka 2012, walienda wapi? Ukiongeza ile ya Juja, hizo tayari ni Alhamisi tano.