Ushuru wa Barabara Kuu za Ulaya: Nani Alipe, na kwa Kipimo Gani?

Barabara ya lami haijengwi mara moja ikaisha. Kila gari lipitalo juu yake huipunguzia nguvu kidogo, na mvua, jua na barafu huongeza uharibifu huo. Kwa sababu hiyo kila taifa hulazimika kujibu swali moja: gharama za kujenga na kutunza barabara zilipwe na nani? Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuwatoza wananchi wote kwa njia ya kodi. Ya pili ni kumtoza yule tu aitumiaye barabara. Njia hii ya pili ndiyo iitwayo ushuru wa barabara. Bara la Ulaya ni mahali pazuri pa kuichunguza, kwani dereva aweza kupita nchi nne katika muda wa siku mbili, na katika kila nchi akakutana na utaratibu wake.

Asili ya ushuru huu

Tarehe 21 Septemba, 1924, ilifunguliwa nchini Italia barabara iliyotengwa kwa ajili ya magari peke yake, kutoka Milano kuelekea Varese. Aliyeibuni alikuwa mhandisi Piero Puricelli. Magari yalikuwa machache wakati huo, na kwa kumtoza mwenye gari, gharama hazikumwangukia mkulima aendaye kwa miguu. Nchini Ufaransa, sheria ya tarehe 18 Aprili, 1955, ilitamka kuwa kwa kawaida barabara kuu ni za bure, na ushuru uruhusiwe kama jambo la pekee tu. Hata hivyo, jambo hilo la pekee lilienea hata likawa la kawaida. Ujerumani kwa upande wake haiwatozi wenye magari madogo ushuru wowote katika barabara zake kuu, ila malori.

Vipimo vitatu

Taratibu zote za Ulaya, ingawa ni nyingi, zaweza kugawanywa katika mafungu matatu kufuatana na kile kinachopimwa.

Fungu la kwanza hupima umbali. Dereva huchukua tiketi anapoingia, na hulipa anapotoka kwa kadiri ya kilometa alizosafiri. Utaratibu huu huitwa wa kufungwa, maana haiwezekani kuingia wala kutoka bila kupita kituo. Ndio unaotumika katika sehemu kubwa ya barabara kuu za Ufaransa na Italia.

Fungu la pili hupima mpito. Hakuna tiketi, dereva hufika kwenye kizuizi na kulipa kiasi kilichowekwa, bila kujali atokako wala aendako. Njia hii hufaa zaidi kwa madaraja, mahandaki na barabara zilizo karibu na miji mikubwa.

Fungu la tatu hupima muda. Dereva hununua kibali cha siku kadhaa, cha miezi au cha mwaka, kisha husafiri kiasi apendacho. Hapo awali kibali hicho kilikuwa stika ya kubandikwa kwenye kioo cha mbele. Siku hizi nchi nyingi huandikisha namba za gari katika kompyuta, na kamera za barabarani huzisoma. Uswisi ilianza utaratibu huu mwaka 1985 na Austria mwaka 1997.

Mfano wa safari moja

Ili mambo haya yaeleweke vizuri, tufuate kwa mawazo gari dogo litokalo München, Ujerumani, kwenda Milano, Italia, na kurudi kwa njia ya Uswisi.

Ndani ya Ujerumani gari hilo halilipi kitu. Likiingia Austria, laazimu liwe na kibali cha muda. Lakini kutoka Innsbruck kupanda mlima hadi mpaka wa Brenner, kibali hicho hakifai kitu. Hapo pana ushuru wake wa pekee. Sababu yake si ngumu kuitambua. Barabara hiyo hupita juu ya mabonde makubwa, na mojawapo ya madaraja yake, liitwalo Europabrücke, lina urefu wa kwenda juu wa mita 190 hivi. Ujenzi wa namna hiyo hugharimu fedha nyingi kuliko barabara ya tambarare.

Baada ya mpaka, dereva huchukua tiketi ya Italia na kuteremka hadi Verona, kisha hugeuka magharibi. Kipande kimoja cha safari huendeshwa na kampuni moja, na kipande kingine na kampuni nyingine. Hata hivyo dereva hulipa mara moja tu karibu na Milano, na kampuni hizo hugawana fedha zenyewe. Kutoka Milano kwenda Como hakuna tiketi. Kuna vizuizi vya malipo maalumu, yaani lile fungu la pili.

Kwenye mpaka wa Uswisi, kibali cha mwaka huhitajika, hata kwa mtu apitaye kwa saa tatu tu. Bei yake ni faranga 40, nacho hutumika kwa miezi 14, kuanzia Desemba ya mwaka uliotangulia hadi mwisho wa Januari ya mwaka unaofuata. Asiye na kibali hutozwa faini ya faranga 200, na bado hununua kibali. Kwa upande mwingine, kibali hicho hicho humpitisha dereva katika handaki la Gotthard, lenye urefu wa kilometa 16.9 na lililofunguliwa mwaka 1980, bila malipo ya ziada.

Kwa nini lori hulipa zaidi?

Kila mahali magari hugawanywa katika madaraja. Ufaransa hutazama kimo, uzito na idadi ya ekseli: gari lisilozidi mita 2 kwa kimo na tani 3.5 kwa uzito limo katika daraja la kwanza. Italia hupima kimo cha gari penye ekseli ya mbele; magari ya ekseli mbili hutengwa kwa mpaka wa mita 1.30, na yenye ekseli zaidi huhesabiwa kwa ekseli zake.

Msingi wa kisayansi wa jambo hili ulipatikana kwa majaribio makubwa yaliyofanywa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960. Malori yalizungushwa juu ya barabara za majaribio, na wahandisi wakapima uharibifu. Ilionekana kuwa uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli, bali huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito huo. Chukua gari la tani 2 lenye ekseli mbili: kila ekseli hubeba tani 1. Lilinganishe na ekseli ya lori ibebayo tani 10. Uzito umezidi mara 10, lakini uharibifu umezidi mara 10 × 10 × 10 × 10, yaani mara 10,000. Mwanafunzi ajuaye hesabu hii ataelewa pia kwa nini malori hupimwa kwenye mizani katika barabara za Tanzania na Kenya.

Malipo bila kusimama

Foleni kwenye vituo hupoteza muda na mafuta. Kwa hiyo madereva wengi hubeba kijisanduku kidogo nyuma ya kioo cha mbele. Antena ya kituo hutuma mawimbi ya redio yenye mitetemo bilioni 5.8 kwa sekunde. Kwa kuwa mawimbi hayo husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde, urefu wa wimbi moja ni sentimeta 5 na kitu. Kijisanduku huyarudisha mawimbi hayo yakiwa yamebeba namba yake, na kompyuta hukata malipo. Malori ya Ujerumani, yanayotozwa tangu mwaka 2005, hutumia njia nyingine: chombo kilicho ndani ya lori hutambua mahali lilipo kwa msaada wa setilaiti, kisha hupeleka hesabu kwa simu.

Maendeleo haya yana mtego wake kwa mgeni. Katika barabara ya A79 ya Ufaransa, tangu mwaka 2022 hakuna kizuizi chochote. Kamera huisoma namba ya gari, na asiye na kijisanduku hupewa saa 72 kulipa. Adhaniaye kuwa barabara isiyo na kizuizi ni ya bure hupata faini. Kadhalika apotezaye tiketi hudaiwa ushuru wa safari ndefu kuliko zote.

Suala la haki

Kila kipimo kina mwenye kufaidika na mwenye kuumia. Kipimo cha umbali humlipisha mtu kwa kadiri ya matumizi yake, lakini huhitaji vituo vingi. Kipimo cha muda ni rahisi kuendesha, lakini humuumiza mpita njia: mkazi wa Zürich na mgeni wa siku moja hulipa faranga 40 zile zile. Ujerumani ilipokusudia kuanzisha kibali cha magari madogo na papo hapo kuwapunguzia raia wake kodi ya magari, Austria ilipeleka shauri mahakamani. Tarehe 18 Juni, 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa mpango huo ni wa ubaguzi, kwa vile mzigo ungewaangukia wageni peke yao.

Masuala haya hayako mbali na Afrika Mashariki. Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016, lilianza kwa kutoza kila mpito. Barabara ya juu ya Nairobi, yenye kilometa 27 na iliyoanza kutumika mwaka 2022, hutoza kwa umbali na daraja la gari. Wakati huo huo barabara nyingi za Tanzania hutunzwa kwa tozo ya mafuta iingiayo katika Mfuko wa Barabara. Tozo hiyo ina sifa kubwa: asafiriye sana huchoma mafuta mengi, basi hulipa mengi. Lakini gari la umeme halinunui petroli, ingawa huitumia barabara kama magari mengine. Kadiri magari hayo yatakavyoongezeka, kila nchi italazimika kutafuta kipimo kingine. Atakayekichagua itampasa ajiulize mambo matatu: nani anaiharibu barabara, nani ananufaika nayo, na nani ana uwezo wa kulipa. Mara nyingi majibu ya maswali hayo huwa ni watu watatu tofauti.