Kufuli usiloliona ndani ya simu yako

Tuseme mama mmoja wa Wamaza anauza mchele na mafuta ya mawese. Ushirika wake umepata programu ya simu, ile vijana wanaita aplikasio, ya kuandika michango ya kila wiki. Anaingiza jina lake, namba yake ya siri na pesa alizoweka, kisha anabonyeza "tuma". Maneno hayo yanatoka kwenye simu, yanafika kwenye mnara, yanapita mashine nyingi ambazo hapa hatuzijui, na mara nyingi yanavuka bahari mpaka kwenye kompyuta fulani ya Ulaya ao Marekani. Huko njiani yanasafiri wazi, ao yamefungwa?

Fikiri barua unayompa mtu wa baiskeli aipeleke Kasongo. Kama ni karatasi tupu, kila anayeishika anaisoma, na mwenye roho mbaya anaweza hata kufuta sifuri: uliandika franga 50 000, inafika 5 000. Kama iko ndani ya bahasha yenye muhuri, mtu wa njiani ataona tu kwamba kuna barua na inakwenda wapi. Kwenye intaneti, karatasi tupu inaitwa HTTP, na bahasha inaitwa HTTPS. Ile S moja ya mwisho ndiyo muhuri wenyewe.

Ukifungua tovuti kwenye simu, unaweza kuangalia anwani ukajua. Ndani ya aplikasio hakuna anwani, hakuna kufuli, hakuna kitu cha kuangalia. Mama wetu hawezi kujua. Anamtegemea kijana aliyetengeneza programu, na kijana naye anategemea vifaa alivyojengea. Juu ya hiyo, kanuni ya mwanzo, yaani ile inayofanya kazi kama hakuna mtu aliyegusa kitu, ndiyo mlinzi wa mama huyu. Na kanuni hiyo inaamuliwa mbali sana na Maniema, kabla programu yoyote haijafika hapa.

Apple walifunga mlango wa kwanza mwaka 2015, kwenye iOS 9: programu ikitaka kutuma wazi, simu inakataa, isipokuwa mtengenezaji ameandika mwenyewe kwamba anataka ruhusa. Google walifuata na Android 9 mwaka 2018, kwa programu zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo na yanayofuata. Hapo mtu angesema kazi imekwisha.

Kumbe kulikuwa na mlango wa nyuma. Vijana wengi siku hizi hawaandiki programu mara mbili, moja ya Android na nyingine ya iPhone. Wanatumia kitu kama kalibu ya matofali: ukiwa nayo, unapiga matofali ya nyumba yoyote. Kalibu moja inayojulikana sana ni Flutter ya Google. Flutter inabeba njia yake yenyewe ya kwenda kwenye intaneti, haipiti pale simu ilipoweka mlinzi. Simu inasema "wazi hapana", na programu inazunguka nyuma ya nyumba na kwenda.

Mwaka 2020, wenye Flutter waliamua kuziba tundu hilo. Kwenye toleo la majaribio 1.23 waliweka katazo: programu ikijaribu kutuma kwa HTTP, inasimama na kutoa ujumbe kwamba simu hairuhusu. Katazo lilipangwa kuingia kwenye toleo kubwa la 2.0, la mwezi wa tatu 2021. Baadaye likaondolewa tena.

Kwa nini kitu chema kiwe kigumu namna hiyo? Juu ya watu wa kazi. Kijana anayejenga programu ana simu mkononi na kompyuta mezani, vyote kwenye Wi-Fi moja, na kompyuta ile haina cheti cha HTTPS. Ukimfungia kabisa, hawezi hata kujaribu kazi yake. Kuna pia sanduku dogo la Wi-Fi ndani ya kituo cha afya kisicho na intaneti, ambapo tableti inaongea na kompyuta ya chumba cha pili tu. Barua ile haitoki nje ya ua. Kuikataza ni sawa na kudai muhuri wa posta juu ya karatasi unayompa jirani mkono kwa mkono.

Njia ya katikati ipo, na mimi naona ndiyo sahihi: ruhusu wazi wakati wa kujaribu, na ufunge kwenye toleo linalotolewa kwa watu. Android yenyewe imeacha nafasi ya kutenganisha mipango ya majaribio na ile ya kweli. Hatari ni kwamba ruhusa ni mstari mmoja tu wa kuandika. Mtu anauweka siku ya kwanza ili kazi iende, anapata haraka ya kumaliza, na mstari unabaki. Programu inafanya kazi vizuri, hakuna anayelalamika.

Hii si hofu ya bure. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walichunguza programu 46 za Android za kutuma pesa kutoka nchi mbalimbali, na saba kati ya hizo walizifungua moja moja. Walikuta, pamoja na makosa mengine, programu zinazotumia bahasha lakini haziangalii muhuri ni wa nani. Bahasha ya namna hiyo mwizi naye anaweza kuifunga upya.

Tusichanganye mambo, lakini. M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money kwa njia ya zile namba zinazoanza na nyota na kuisha na diyezi haipiti kwenye intaneti. HTTP na HTTPS haziihusu. Hapo ulinzi uko kwa kampuni ya simu na kwa namba yako ya siri. Tunaongea juu ya aplikasio, zile zinazokula mega.

Kuna upande mwingine ambao huku kwetu unauma zaidi: simu za zamani. Ili simu iamini muhuri, lazima iwe na orodha ya wanaoruhusiwa kuugonga. Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, lilitangaza mwezi wa kumi na moja 2020 kwamba simu za Android za chini ya 7.1.1, ambazo zilikuwa asilimia 33.8 ya simu zote za Android kwa hesabu iliyokuwepo, zingeanza kukataa tovuti nyingi mwaka uliofuata. Mwezi mmoja baadaye wakapata njia ya kurefusha kwa miaka mitatu. Mwenye simu iliyonunuliwa mkono wa tatu ndiye anayekutana na jambo hili kwanza: kufuli linamfungia yeye mwenyewe nje.

Kwa hiyo, ushirika, shule ao kanisa likitaka kutengenezewa programu, muulizeni kijana maswali mawili kabla ya kumlipa. La kwanza: toleo tunalopewa linaweza kutuma wazi? La pili: uliijaribu kwenye simu ya zamani? Kama anajua kazi yake, hatakasirika. Sheria ya numerike ya nchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, nayo inalinda habari za watu binafsi. Na programu iliyopitishwa simu kwa simu kwa Bluetooth, bila kujua imetoka kwa nani, hata ikiwa na HTTPS inaweza kufunga bahasha vizuri na kuipeleka kwa mwizi.

Jambo la mwisho ni dogo. Simu ikizimika kabisa kwa kukosa moto, nyingine zinawaka na tarehe ya miaka ya nyuma. Cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, kwa hiyo simu inaona ni cha uongo na inakataa. Usibonyeze "endelea hata hivyo". Ingia kwenye mipango ya simu, rekebisha tarehe na saa, kisha jaribu tena.