Taksi Zikisimama, Zamu ya Askari Haisimami

Jioni ya tarehe 25 Machi 2020, Rais Yoweri Museveni alilihutubia Taifa na kutangaza kwamba usafiri wote wa umma umesimamishwa kwa muda wa siku 14, ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa korona. Amri hiyo ilianza kutumika mara moja. Kesho yake asubuhi vituo vya taksi vya Kampala, ambavyo kwa desturi huvuma kama mzinga wa nyuki, vilikuwa kimya, na barabara za Jinja, Bombo na Masaka zikajaa watu waendao kwa miguu. Tarehe 30 Machi magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa. Zile siku 14 zikazaa siku nyingine, na taksi hazikurudi barabarani mpaka tarehe 4 Juni, tena zikiwa zimeruhusiwa kubeba nusu tu ya abiria wao. Boda boda walingoja mpaka tarehe 27 Julai ndipo wakaruhusiwa tena kupakia watu.

Lakini ulinzi wa nchi haukupewa likizo hata ya siku moja. Mlinzi wa lango, polisi wa barabarani, fundi wa mitambo na muuguzi wa hospitali ya jeshi, wote walitakiwa kuwa mahali pao kwa saa ile ile iliyoandikwa katika orodha ya zamu. Hapo ndipo wengi wetu tulipotambua ni kwa kiasi gani nidhamu ya kikosi, ambayo sisi huihesabu kuwa ni jambo la ndani ya kambi, hutegemea kondakta mmoja anayeita abiria kando ya njia.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini usafiri wa mji wetu hukatika kwa ghafla, jinsi gani askari na polisi wanavyoweza kujiandaa, na, lililo kubwa kuliko yote, ni mwenendo gani unaotupasa mbele ya mwananchi aliyekwama barabarani.

MJI UTEGEMEAO TAKSI NA BODA BODA

Wazee wanayakumbuka mabasi ya kampuni ya UTC, yaliyokuwa yakipita mitaani kwa ratiba. Kampuni hiyo ilipodhoofika na kutoweka, pengo lake lilijazwa na taksi za abiria 14, ambazo wenyeji huziita kamunye. Baadaye wakaongezeka boda boda, kazi iliyozaliwa mpakani Busia, ambako vijana wenye baiskeli waliwavusha wasafiri na mizigo yao kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine.

Mpangilio huu una sifa yake. Ni wepesi, hufika hata pale ambapo basi kubwa haliwezi kufika, na huwapa riziki vijana wengi. Lakini pia una udhaifu wake. Taksi nyingi huendeshwa na dereva asiyekuwa mwenye gari. Kila jioni humpasa ampelekee tajiri fedha walizokubaliana, na kinachobaki baada ya petroli ndicho chakula cha watoto wake. Petroli ikipanda ghafla, au tozo mpya ikitangazwa, hesabu ya dereva huvunjika siku hiyo hiyo. Hana akiba ya kumwezesha kustahimili wiki moja ya hasara. Hupandisha nauli, au huegesha gari. Madereva elfu wakifanya hivyo asubuhi moja, mji umesimama, ijapokuwa hakuna mtu mmoja aliyetoa amri.

Udhaifu wa pili ni wa ardhi yenyewe. Barabara kuu zetu hukutana katikati ya mji kama njiti za gurudumu, na vituo vikubwa vya taksi viko karibu karibu katika bonde la Nakivubo, mahali ambapo maji ya vilima vyote hukimbilia. Mvua kubwa ya saa mbili hugeuza eneo la Mnara wa Saa kuwa ziwa, na msafiri wa Gayaza hukwama kwa sababu ya maji asiyoyaona. Barabara ya kuzunguka upande wa kaskazini, yenye kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, iliyofunguliwa mwaka 2009, imepunguza mzigo huo, lakini haikuuondoa.

Sababu ya tatu hutoka mbali. Mafuta yetu mengi hupitia Mombasa. Mwezi Januari 2008, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya yalipoziba barabara na reli, Kampala ilikaukiwa petroli. Mwezi Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya korona, na katika baadhi ya vituo lita moja ikafika shilingi 10,000 na zaidi. Balaa hilo liliangukia majuma yale yale ambapo shule zilikuwa zimefunguliwa, tarehe 10 Januari, baada ya kufungwa kwa karibu miaka miwili. Wazazi, watoto na masanduku yao wakawa wote wanagombea taksi chache.

Pamekuwako na juhudi za kuupa mji usafiri mwingine, nazo zinastahili kusifiwa. Hata hivyo, nazo zimeonja misukosuko. Mabasi 100 ya Pioneer Easy Bus yalianza kazi mwaka 2012; mwishoni mwa mwaka 2013 yakazuiliwa kwa ajili ya deni la kodi, na waliokuwa wameyazoea wakarudi kwenye taksi. Treni ya abiria ya Kampala hadi Namanve ilianza Desemba 2015, ikasimama, ikarejea mwaka 2018, ikasimama tena mwaka 2023 ili reli itengenezwe, ikarejea mwaka 2024. Funzo ni kwamba mwenye kutegemea chombo kimoja tu, hata kiwe kizuri namna gani, iko siku kitamwacha njiani.

MLINZI ALIYECHOKA NI HATARI

Yuko atakayesema kwamba kuchelewa kwa saa mbili si jambo kubwa, maana mji mzima umechelewa. Karani akichelewa, barua itapigwa chapa mchana. Duka likichelewa kufunguliwa, mnunuzi atangoja. Lakini askari wa zamu akichelewa, kuna mwenzake aliyesimama usiku kucha, mwenye bunduki iliyojaa risasi, ambaye hawezi kuondoka mpaka apokelewe. Saa ya kumi na tatu ya lindo si sawa na saa ya kwanza. Macho huona kivuli na kukidhania mtu, na humwona mtu wakamdhania kivuli. Ajali nyingi za silaha, na aibu nyingi za mlinzi kukutwa amelala, mizizi yake iko katika uchovu. Kwa hiyo, kufika kwa wakati ni haki ya mwenzako, si hisani unayomfanyia kamanda.

Na tuanze na hesabu rahisi ya miguu. Askari mwenye afya hutembea kilomita 5 mpaka 6 kwa saa bila ya kujichosha. Kawempe iko yapata kilomita 7 kutoka katikati ya mji. Aishiye huko na kupokea zamu saa 12 asubuhi, akiondoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri, atafika kwa miguu na kupata nafasi ya kunawa uso. Aishiye Mukono, kilomita 20 na ushei, hawezi kuitegemea hesabu hiyo. Atafika akiwa hafai kwa lindo.

Kwa sababu hiyo kila ofisa mwenye dhamana ya zamu angefanya vema kuchora ramani ndogo ya makao ya watu wake, na kuigawa kwa duara tatu. Duara la kwanza ni la waishio ndani ya kilomita 5. La pili ni la waishio kati ya kilomita 5 na 10. La tatu ni la waishio mbali zaidi. Dalili za kukatika kwa usafiri zinapoonekana, zamu ya asubuhi ijazwe na watu wa duara la kwanza. Watu wa duara la pili wapewe zamu ya mchana. Na wale wa duara la tatu walale kambini au kituoni usiku huo, au wachukuliwe na lori la kikosi katika sehemu mbili tatu zinazojulikana tangu zamani. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji karatasi, kalamu na saa moja ya kufikiri kabla ya siku ya taabu.

Dalili zenyewe ni rahisi kuzijua. Mgomo huanza kunong'onwa vituoni siku moja au mbili kabla. Foleni za petroli huonekana jioni. Mawingu mazito upande wa ziwa hayahitaji mtabiri. Askari aliyefunzwa kusoma nyayo porini hashindwi kusoma uso wa kondakta.

Nyumbani nako kuna maandalizi. Ndugu askari, tenga nauli ya siku tano na uiweke mbali na fedha ya sokoni, kwani akiba haiozi. Jua njia mbili za kwenda kazini, mojawapo iwe ya miguu na yenye taa. Weka namba ya simu ya mkuu wako wa zamu mahali ambapo hata betri ikiisha utaipata. Ukiona utachelewa, toa habari mapema. Habari ya saa 11 alfajiri humwezesha kamanda kutafuta mtu mwingine, ilhali habari ya saa 3 asubuhi ni udhuru tu. Na ukipanda boda boda, vaa kofia ngumu, mpande abiria mmoja tu, na usimhimize kijana akimbie kwa sababu wewe umechelewa. Heri zamu ipokewe kwa kuchelewa kuliko isipokewe kabisa.

MWANANCHI ALIYEKWAMA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo mtihani wenyewe. Siku ambapo taksi hazipo, mji hujaa watu wenye hasira, njaa na hofu: mama mwenye mimba, mgonjwa anayetafuta hospitali, mwanafunzi mwenye mtihani. Mtu wa kwanza wanayemwona akiwa na mamlaka ni wewe uliyevaa sare. Utakavyomtendea mmoja wao, ndivyo mamia watakavyolisimulia jeshi lote au polisi wote.

Katika siku za kwanza za amri ya Machi 2020, baadhi ya askari wa ulinzi wa mitaa waliwapiga wananchi fimbo katika mitaa ya Kampala. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali David Muhoozi, aliomba radhi hadharani. Jambo hilo lifikiriwe vizuri. Jenerali aliomba radhi kwa ajili ya fimbo iliyoshikwa na mtu wa cheo cha chini kabisa. Heshima iliyojengwa kwa miaka mingi ilitiwa doa katika dakika chache, na waliopigwa wengi walikuwa wachuuzi na wapita njia waliokuwa wakitafuta mkate wao. Mwezi uliofuata Serikali ilitamka kwamba mama wajawazito waende hospitali bila ya kungoja kibali cha Mkuu wa Wilaya. Amri ilirekebishwa kwa sababu uhai ulikuwa mashakani. Askari mwenye akili huiona shabaha ya amri: amri ile ilitolewa ili kuokoa maisha, basi haiwezi kutekelezwa kwa kuyapoteza.

Yako mambo manne ya kushika. Kwanza, usiteke gari la mtu kwa nguvu za sare, wala usipande bure. Dereva anayekubali kufanya kazi siku ya mgomo anahatarisha kioo cha gari lake. Nauli yako ni haki yake. Pili, usiwe mwamuzi wa nauli. Mjini Kampala nauli hupangwa na wenye magari wenyewe. Bunduki ikisimama kati ya kondakta na abiria, haki ya wote wawili imekwisha. Tatu, wakati wa mgomo kazi yetu ni kumlinda anayegoma kwa amani na anayefanya kazi kwa amani, na kumzuia yule tu anayerusha jiwe. Nne, watu wasiachwe wajikusanye mahali pamoja bila ya maelekezo.

Hilo la nne lina sababu nzito. Tarehe 16 Novemba 2021 mabomu yalilipuka karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na katika barabara ya Bunge, na wale wa barabara ya Bunge walikuja kwa pikipiki mfano wa boda boda. Katikati ya mji kukafungwa, na maelfu wakawa hawana budi kwenda kwa miguu. Umati uliokwama ni shabaha rahisi ya adui na pia ya mwizi. Polisi anayesema kwa sauti ya upole, "Mama, barabara hii imefungwa, pita kushoto, utaikuta njia ya Nakasero," amefanya kazi ya ulinzi sawasawa na yule anayekagua mifuko. Humpasa basi azijue njia za mji wake, asije akaulizwa na mwananchi akabaki akimtazama.

Usafiri wa Kampala utaendelea kukatika mara kwa mara, kwa mvua, kwa mafuta, kwa mgomo au kwa amri. Hayo hayako mikononi mwetu. Kilichoko mikononi mwetu ni saa ya kuamka, orodha ya zamu iliyopangwa kwa busara, na ulimi wenye adabu. Kila kikosi kisichokuwa na ramani ya duara tatu na kiichore wiki hii, kabla mvua hazijaanza.