Fahamu: Kijumba kisicho na umeme wa gridi, Ansab kingewezekana?

Mitandao imejaa vijumba vya mbao msituni, vinavyojitegemea kwa umeme na maji. Kwa mkaazi wa Ansab, Muscat, msitu ndio haba: kuna vilima vya mawe, na mabwawa ya maji taka yaliyosafishwa ambako heroe hutua.

Jua ndilo rahisi. Paneli ya wati 400 ikipigwa na jua kali kwa saa 5 hutoa takriban uniti 2. Taa, simu na friji ndogo hazisumbui. Kiyoyozi ndicho mlafi: cha tani moja, kikinguruma mfululizo kwa saa 10, chaweza kula uniti 10. Hizo ni paneli 5 kwa ajili yake peke yake, na betri za kutosha juu yake, maana Julai hata usiku haupoi. Tena vumbi lifutwe kila mara.

Maji ndiyo kisiki. Muscat hupata mvua ya kama milimita 100 kwa mwaka. Paa la mita 20 za mraba litakinga lita 2,000 hivi, mwaka mzima! Kinachobaki ni kuita gari la maji, na hapo kujitegemea kunakuwa jina tu.

Wazee wa huko waliishi bila gridi: walikaa barasti, nyumba za kuta za makuti ya mtende zinazopitisha upepo, na vijijini walichimba falaj, yaani mifereji ya maji. Mifumo 5 ya falaj za Oman imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Lakini falaj haikuchimbiwa mtu mmoja aliyejitenga: maji yake hugawiwa kwa zamu, chini ya msimamizi wa kijiji.