Kufufua Miamba ya Matumbawe: Kinachotangulia Kupandikiza

Wakazi wa kata za pwani wanafahamu kuwa samaki wa mishipi na madema, pamoja na pweza wa bamvua, hutegemea miamba ya matumbawe. Je, mwamba uliovunjika unaweza kupandwa upya kama shamba? Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanyika, mipaka yake, na nafasi ya mwananchi katika kuifanikisha.

Tumbawe si jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo sana wanaojijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi viumbe mfano wa mimea, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuyapa matumbawe rangi. Maji yakizidi joto la juu la kawaida la msimu kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi kwa majuma kadhaa, viumbe hivyo hutoka na tumbawe hupauka; joto lisipopungua, tumbawe hufa. Matumbawe ya matawi huweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka, lakini yale ya mviringo hukua takriban sentimita 1. Ndiyo maana mlipuko mmoja wa baruti hubomoa kwa nukta moja kilichojengwa kwa miongo.

Mafia inatupa funzo. Huko matumbawe yaliumizwa na baruti, makokoro, na uchimbaji wa mawe ya kujengea na kuchomea chokaa. Mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa, na katika miaka hiyo ya 1990 watafiti walijaribu kupandikiza vipande vya matumbawe ya matawi kwa njia za gharama ndogo. Kisha mwaka 1998 joto la El Niño likaua sehemu kubwa ya matumbawe katika mwamba wa Tutia. Ilibainika kwamba kupandikiza kunawezekana, lakini hakuwezi kuzuia bahari kuchemka.

Joto la bahari haliko mikononi mwa kijiji. Zana za uvuvi, nanga na muda wa kupumzisha mwamba viko mikononi mwake. Mwamba wenye pono na kangaja wengi huliwa mwani wake, na hapo vichanga vya matumbawe hupata mahali safi pa kushika. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kukomesha uharibifu. Kupandikiza hufaa zaidi pale ambapo mwamba umekuwa kifusi kinachoviringishwa na mawimbi, ambacho vichanga haviwezi kukishika. Vipande hai vilivyovunjika hukusanywa, hulelewa kwenye vitalu vya kamba au vya fremu za chuma, husafishwa mwani, kisha huimarishwa kwenye mwamba mgumu. Ni kazi ya mikono, ya gharama, na ya kurudiwa mara kwa mara.

Lipo jambo lisilopaswa kufichwa. Eneo likifungwa, mzigo huwaangukia kwanza akina mama wanaotafuta pweza kwa miguu maji yanapokupwa, na mvuvi asiye na chombo cha kufika mbali. Wasiposhirikishwa katika kuchagua eneo na muda, kufunga huwa ni kuwanyang'anya kitoweo, na hakuna doria itakayoulinda mwamba huo. Kwa sababu hiyo, baadhi ya vijiji, kikiwemo Kisiwa Panza huko Pemba, hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache tu. Pweza hukua haraka, hivyo wakati wa kufungua kila kaya huweza kuona faida kwa mizani. Huko Kuruwitu, Kilifi, nchini Kenya, wavuvi wenyewe walitenga takriban hekta 30, na samaki wakarejea.

Kijiji kinachotaka kutenga eneo hufuata njia ya kisheria. Wavuvi na wakusanyaji wa pweza hujadili pendekezo kupitia kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, yaani BMU. Pendekezo hupelekwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha Halmashauri ya Kijiji huandaa sheria ndogo na kuiwasilisha Halmashauri ya Wilaya ili iidhinishwe, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Afisa Uvuvi hutoa ushauri wa kitaalamu. Anayekosa mkutano huo huwaachia wengine kumwamulia mahali pa kuvua.

Wakati huohuo, kila mkazi anaombwa kuzingatia yafuatayo:

- Tia nanga kwenye mchanga, si juu ya matumbawe.
- Usikanyage wala kupindua matumbawe hai unapotafuta pweza. Ukipindua jiwe, lirudishe lilivyokuwa.
- Usichimbe matumbawe kwa ujenzi au chokaa.
- Toa taarifa za baruti na sumu kwa BMU, Afisa Uvuvi au polisi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inazikataza.

Kipande kilichopandikizwa leo hudai miaka kadhaa ya ulinzi kabla ya kuwa maskani ya samaki. Ulinzi huo hauwezi kuletwa na mradi peke yake. Hutoka kwa watu waliokubaliana, mkutanoni, kwamba mwamba ni wao.