Dola Kubwa Ziliposhindana, Nyeri Ilipata Nini?

Wazee husema: Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Neno hilo lina ukweli wake, lakini msomaji wa Nyeri, Karatina au Nanyuki na ayafikiri pia yaliyotokea mwaka 1960.

Wakati huo Marekani na Urusi zilikuwa katika vita baridi, na kila moja ilitafuta urafiki wa nchi za Afrika zilizokaribia uhuru. Elimu ilikuwa mojawapo ya silaha zao. Mwezi wa Februari 1960 Urusi ilianzisha mjini Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Huku kwetu nafasi za Makerere zilikuwa chache, na wengi waliofaulu mitihani walikosa pa kwenda.

Bwana Tom Mboya alikuwa amekwisha kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege mwezi wa Septemba 1959. Alipotaka kupeleka wengine, Wizara ya Mambo ya Nje ya huko ilikataa kusaidia nauli. Julai 1960 akamwendea Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa jamaa ya Kennedy ukakubali kutoa dola 100,000. Habari hizo zilipofika katika kambi ya mshindani wake, Bwana Richard Nixon, wizara ile ile iliyokataa ikajitokeza nayo na dola 100,000!

Katika waliosafiri Septemba hiyo alikuwamo binti wa Ihithe, Nyeri, aliyejulikana baadaye kwa jina la Wangari Maathai. Alisomea elimu ya viumbe huko Kansas, akarudi, na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti ya Green Belt Movement. Mwaka 2004, siku alipopata habari ya Tuzo ya Nobel ya Amani, alipanda mti mjini Nyeri, akiuelekea Mlima Kenya.

Basi tusidanganyike. Fedha zile hazikutolewa kwa mapenzi matupu, na mwenye kutoa kwa shauri lake huacha kwa shauri lake. Shirika la USAID, lililozaliwa katika mashindano yale yale mwaka 1961, Marekani yenyewe ililifunga mwaka 2025. Lakini elimu aliyorudi nayo binti wa Ihithe hakuna aliyeweza kuifunga. Dola kubwa zikija tena na zawadi, tuchague ile itakayobaki mikononi mwetu wenyewe watakapokwisha kuondoka.