Kizuri hakijiuzi: Thamani ya neno la mteja katika biashara ya hoteli na mikate

Mfanyabiashara anayetaka kujua bei ya mchele, unga wa ngano au mafuta ya kula huweza kuipata katika kurasa kama hii kila wiki. Lakini ipo bidhaa moja inayotafutwa kila siku ambayo bei yake haiandikwi popote, nayo ni habari ya mahali pa kula. Mtu ametoka Mbeya, Lubumbashi au Moroni kuja kufunga mzigo Kariakoo, Dar es Salaam. Ikifika saa saba mchana humgeukia mwenye duka na kumwuliza, "Ndugu yangu, hapa wali mzuri unapatikana wapi?" Hujibiwa kwa sentensi moja, akashukuru na kuondoka. Hakuna risiti iliyoandikwa, lakini fedha imekwisha kupewa njia. Hoteli moja imepata mteja, na nyingine zote za mtaa huo zimemkosa.

Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya chakula methali hiyo ina nusu ya ukweli, kwa kuwa kizuri huuzwa na mtu aliyekwisha kukila. Wiki hii tunaeleza jinsi ushauri wa namna hiyo unavyofanya kazi, jinsi ya kuuomba na kuutoa, na kwa nini mwekezaji mdogo anayetaka kununua hoteli au bekari aupime kabla ya kutoa kilemba.

Bidhaa isiyojulikana mpaka ilipiwe

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, Phillip Nelson, aligawa bidhaa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la bidhaa ambazo mnunuzi huweza kuzikagua kabla ya kulipa, kama kitenge au sufuria. La pili ni la bidhaa ambazo ubora wake hujulikana baada ya kuzitumia. Sahani ya pilau na mkate uliofungwa ndani ya mfuko vimo katika fungu hili la pili. Mwaka 1973 wachumi Michael Darby na Edi Karni waliongeza fungu la tatu, la bidhaa ambazo hata baada ya kuzitumia mnunuzi hawezi kuwa na hakika nazo. Usafi wa jiko na uhalali wa nyama ni mifano mizuri: mlaji hushiba na kuondoka bila kuwa ameona machinjio wala ndoo ya maji.

Mwaka huohuo wa 1970 mchumi mwingine, George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel, alitumia soko la magari yaliyotumika kuonyesha hatari ya hali hiyo. Mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibaya, hulipa bei ya wastani tu. Bei hiyo humwumiza muuzaji wa kizuri, ambaye mwisho hujitoa sokoni. Ndiyo maana hoteli inayotegemea wapita njia, watu ambao huenda hawatarudi tena, haina msukumo mkubwa wa kuboresha mchuzi wake.

Neno la mteja huvunja mduara huo. Mpita njia akishauriwa na mkazi, huingia hotelini kama mtu anayejulikana. Mwenye hoteli akimlisha vibaya, habari itarudi kwa aliyemtuma, naye hatamtuma mwingine. Hivyo mgeni wa siku moja hupata ulinzi uleule alionao mteja wa kila siku.

Hesabu inasemaje

Thamani ya neno hilo imekwisha kupimwa. Mwaka 2011 Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa utafiti kuhusu hoteli za mji wa Seattle, Marekani, ambako wateja hutoa alama za nyota katika mtandao wa Yelp. Aliona kwamba kuongezeka kwa nyota moja kulileta ongezeko la mapato la kati ya asilimia 5 na 9. Jambo la kuzingatia ni kwamba faida hiyo ilikwenda kwa hoteli za mtu mmojammoja. Hoteli za makampuni makubwa yenye matawi mengi hazikuguswa, kwa sababu jina lao lilikuwa tayari linajulikana. Kwa maneno mengine, ushauri wa mteja ni silaha ya mdogo dhidi ya mkubwa.

Seattle si Kariakoo, lakini tuchukue mfano wa kufikirika tuone uzito wa asilimia hizo. Hoteli inauza sahani 100 kwa siku, kila moja kwa shilingi 3,000. Kwa siku 26 za kazi mauzo ni shilingi 7,800,000. Asilimia 5 ni sahani tano kwa siku, yaani shilingi 390,000 kwa mwezi; asilimia 9 ni shilingi 702,000. Tukiondoa nusu kwa ajili ya mchele, nyama na mkaa, zinabaki kati ya shilingi 195,000 na 351,000. Kwa hoteli ndogo, kiasi hicho kinaweza kuwa mshahara wa mhudumu au sehemu kubwa ya kodi ya pango, na hakikugharimu tangazo lolote.

Nani anafaidika na jibu?

Kila ushauri una mwenyewe, na mfanyabiashara mwangalifu hujiuliza mtoaji anapata nini. Kitabu maarufu cha Michelin cha kuelekeza watu mahali pa kula kilianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na kampuni ya kutengeneza matairi, iliyotaka watu wasafiri zaidi ili matairi yaishe. Pamoja na hayo kitabu kilijijengea heshima. Nyota zake zilianza mwaka 1926, na wakaguzi wake hula bila kujitambulisha na kulipa bili zao wenyewe. Faida ya kampuni ilikuwa katika safari, wala haikutegemea hoteli gani imesifiwa. Hapo ndipo uaminifu ulipopatikana.

Kwetu mambo huwa kinyume pale dereva wa teksi au papasi wa Zanzibar anapompeleka mgeni mahali anapolipwa kamisheni. Kamisheni si haramu katika biashara, ila jibu lililolipiwa ni tangazo, na lipokelewe kama tangazo.

Nyota za mtandaoni nazo zina magugu. Utafiti wa Luca na Georgios Zervas uliochapishwa mwaka 2016 uligundua kuwa takriban asilimia 16 ya maoni kuhusu hoteli za Boston yaliwekwa kando na Yelp kwa kutiliwa shaka. Hoteli yenye sifa dhaifu, au iliyopata mshindani mpya, ndiyo iliyokuwa na kishawishi kikubwa zaidi cha kughushi. Mwaka 2024 Marekani ilipitisha kanuni inayokataza kuuza na kununua maoni ya uongo.

Namna ya kuuliza na namna ya kujibu

Swali la "wapi pazuri?" huleta jibu la adabu, kwa sababu kila mtu hupenda kutaja mahali penye heshima hata kama yeye mwenyewe hali huko. Swali lenye faida ni hili: "Wewe jana mchana ulikula wapi, na ulilipa kiasi gani?" Hapo msemaji hueleza alichofanya kwa fedha yake. Mwulize pia chakula gani na saa ngapi. Hoteli yenye supu nzuri ya asubuhi inaweza kuwa na wali wa kawaida mchana, na biriani ya Ijumaa haithibitishi ya Jumanne.

Uliza watu wawili wasiofahamiana, na mmoja awe mwenye mfuko kama wako. Mchukuzi wa mizigo anajua panaposhibisha kwa bei ndogo. Karani wa benki anajua panapohudumia haraka ndani ya saa moja ya mapumziko. Wakikutajia mahali pamoja, una habari nzito.

Kwa mikate, mtu wa kuulizwa ni mwenye duka. Mkate huletwa dukani kwake kutoka bekari mbalimbali, naye anaona ni upi unaoombwa kwa jina na ni upi unaochukuliwa kwa kuwa mwingine umekwisha. Mwulize swali moja tu: "Jioni mkate gani hubaki?" Mikate inayobaki rafuni ni ripoti ya soko isiyopambwa.

Anayejibu naye ana wajibu. Ataje chakula, bei na siku aliyokula, aseme kasoro kama ipo, na arekebishe neno lake mambo yanapobadilika. Wapo wanaoficha mahali pazuri wakiogopa foleni. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mpishi hodari asiye na wateja wa kutosha hufunga, na aliyeficha hubaki na njaa yake.

Hata hivyo ushauri una mpaka. Unahusu ladha, bei na huduma. Kuhusu fungu la tatu, la usafi wa jiko, mlaji hana macho ya kutosha. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingine kilikumbusha kwamba chakula kitamu si lazima kiwe salama. Kwa hilo angalia leseni, maji ya kunawa na ukaguzi wa bwana afya.

Kabla ya kutoa kilemba

Sasa tuje kwa mwekezaji. Anayeuza hoteli yenye wateja hudai kilemba, yaani fedha juu ya thamani ya meza, majiko na vyombo. Anachouza hapo ni sifa, na sifa ni majibu ambayo wateja huwapa wenzao. Basi kaa siku chache, kula hapo, na uwaulize wateja wanapomshauri mwenzao kwenda pale humwambia nini.

Wakisema, "Kwa mama fulani anapika vizuri," sifa ni ya mpishi. Mpishi akiondoka na kufungua ng'ambo ya barabara, kilemba chako kimevuka naye. Mpe mkataba, au mpe hisa, kabla hujalipa.

Wakisema, "Ni hapa karibu na kazini," sifa ni ya mahali. Soma mkataba wa pango na uulize mtaa unaelekea wapi. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, wafanyabiashara wengi walilazimika kuhamia maeneo mengine, na mlo wa mchana huhama na watu wake.

Wakisema, "Ni rahisi na unashiba," sifa ni ya bei. Hapo pima kama bei hiyo itadumu. Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano yake, na vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 bei ya ngano duniani ilipanda ghafla. Katika hali kama hiyo mwenye bekari huchagua kati ya kupandisha bei na kupunguza uzito wa mkate. Bei mpya mteja huisamehe polepole, lakini mkate uliopunguzwa kimyakimya humfanya ajione amedanganywa, na neno hilo husambaa mtaani kabla mikate ya kesho haijatoka tanurini.

Ikiwa wateja hutaja jina la hoteli bila mpishi, mahali wala bei, hapo ndipo kuna sifa inayoweza kuhamishwa kwa mnunuzi, na kilemba kina hoja. Majibu yakigawanyika, punguza kiasi unachotoa, au lipa kwa awamu huku ukiangalia kama wateja wamebaki. Muuzaji anayekataa awamu na kutaka fedha yote siku moja huenda anajua jambo ambalo wateja wake bado hawajakuambia.